Sauti Chini ya Nyati

Fundi wa Mbele nilimjua kwanza kama miguu. Miguu miwili mirefu, imevaa raba nyeusi zisizo na kamba, imetokeza chini ya gari la mtu, na kutoka huko chini sauti nyembamba ikiimba wimbo wa kanisani ambao mwenyewe hakuwahi kuumaliza. Alikuwa akifika ubeti wa pili boliti inamgomea, na wimbo unakatika. Boliti ikilegea, anaanza upya ubeti wa kwanza. Nimesuka vichwa vingi sana Kayole nikisikiliza ubeti huo mmoja kupitia ukuta wa mabati, na hadi leo nikiusikia popote vidole vyangu hutafuta kitana.

Saluni yangu imepakana na yadi ya magari, karibu na Spine Road. Katika yadi ile kila fundi ana sehemu yake ya gari na haruki mpaka. Kuna wa injini, kuna wa nyaya, kuna wa kunyoosha bodi na kupaka rangi. Yeye alikuwa wa mbele: ekseli ya mbele, vifundo vya usukani, na kila kitu kinachofanya tairi igeuke pale dereva anapotaka igeuke. Ukimletea habari za giaboksi alikuelekeza kwa mwenzake kwa kidevu. "Mimi mwisho wangu ni hapa," alikuwa akisema, huku akigusa bawaba ya mlango wa dereva. "Huko nyuma kunafuata tu."

Alizaliwa wapi na lini sijui, wala sikuuliza. Aliwahi kusema kwamba kwao ni baridi, basi. Sisi watu wa Eastlands, huku mashariki mwa Nairobi, hatuchimbuani sana. Ukishamjua mtu kwa kazi yake na kwa anavyokunywa chai, umemjua vya kutosha kukaa naye ukuta mmoja.

Chai yake ilikuwa haina sukari, na aliinywa kwa kikombe cha bati kilichobanduka rangi. Kabla ya chai hakuwa na salamu. Ukimwambia habari ya asubuhi alikutazama kama mtu uliyemkanyaga. Akishamaliza kikombe, ndipo alipopita yadi nzima akijibu salamu zote kwa mkupuo, hata za watu waliokwisha ondoka: "Nzuri. Nzuri. Na wewe pia, nzuri." Wateja wangu walimcheka, nami niliwaacha wacheke, maana kichwa kinachocheka hakilalamiki nikivuta nywele.

Langoni kulikuwa na mama mmoja muuza mandazi. Kila asubuhi Fundi alichukua andazi moja la moto, akalifumbata kiganjani, akafumba macho. Alikaa hivyo kidogo, akalihamishia mkono wa pili, akafumba macho tena. Kisha alimpa yeyote aliyekuwa karibu. "Shika, kula." Yeye mwenyewe hakulionja. Yadi nzima ilikuwa na maelezo yake kuhusu jambo hilo. Fundi wa injini alisema mzee analiombea. Mimi nilishikilia kwamba ana nadhiri na Mungu, na kwa kuwa nilipenda maelezo yangu, sikumuuliza asije akayaharibu.

Uvumilivu wake ulikuwa wa vyuma tu. Boliti iliyoshikana na kutu aliipaka mafuta akaiacha mpaka kesho yake. "Ilale nayo," alisema, "usiku kuna mambo huongea." Lakini binadamu aliyejieleza kwa maneno mengi alimkata katikati. Mtu alianza, "Fundi, hii gari nilipoinunua kwa shemeji yangu," naye tayari ameshaingia chini, na mtu akabaki anaisimulia ile miguu.

Tena hakuwa akiendesha gari, na hata kupanda hakupenda. Gari linalokwenda lilimchafua roho, alisema, akashuka akiwa amebadilika rangi. Kutoka Kware alikokaa alikuja kwa miguu, jua au matope. Mtu aliyefanya magari ya watu wengi yaende moja kwa moja, yeye mwenyewe alikwenda kwa raba. Tulimtania kwamba ni kama kinyozi mwenye nywele hadi mabegani. Alijibu kwamba kinyozi wa namna hiyo walau hana haraka ya kujinyoa.

Lakini utani wote huo nilikuwa nikiutazama kutoka upande wangu wa mabati. Nilivuka kwenda upande wake kwa sababu ya Mama, na kwa sababu ya Nyati.

Nyati ndilo jina ambalo marehemu baba alilipa gari lake la porini, lile la mabati mapana na pua bapa, alilolinunua mnadani alipostaafu reli. Kabla ya kutubeba sisi lilikuwa limebeba maofisa wa misitu. Kila Desemba Nyati alitupeleka nyumbani, kule ukishaipita Kakamega, ambako kutoka barabara kuu hadi langoni kwetu kuna mteremko wa udongo mwekundu. Mvua ikinyesha, gari dogo hubaki hapo likilia. Baba alipofariki, Nyati akalala chini ya turubai nyuma ya nyumba yetu Donholm, na Mama akawa anatoka kila jioni kuangalia kama turubai limekaa vizuri.

Kisha Mama akaanza kupoteza vitu. Kwanza majina ya majirani. Halafu sufuria jikoni. Halafu siku moja akaniita kwa jina la dada yake aliyekufa nikiwa mdogo, na nikaitika, kwa sababu sikujua la kufanya. Jumapili moja baada ya kanisa akaketi sebuleni, mkoba juu ya mapaja, akasema kwa sauti safi kabisa:

"Nipelekeni nyumbani kabla sijasahau lango."

Kaka yangu akasema atakodi gari dogo zuri, Mama alale njiani.

"Silali," Mama akasema. "Nitaenda na Nyati. Nikikaa kwenye kiti changu nitajua njia."

Kaka alinitazama, nami nikatazama kapeti. Nilijua maana yake. Miaka yote ile Baba alishika usukani, lakini aliyesema "hapa, kushoto" alikuwa Mama, kutoka kiti cha pembeni, akichungulia kioo kile kilichogawanyika katikati. Niliogopa kwamba tukimweka katika gari lingine njia ingekatika kichwani mwake, tukamfikisha mahali asipopajua. Niliogopa vilevile kwamba tukichelewa, hata Nyati asingesaidia. Hofu hizo mbili nililala nazo na kuamka nazo.

Injini iliwaka baada ya kubembelezwa. Mbele ndiko kulikokuwa na msiba. Kaka alipomleta Nyati Kayole, kila shimo la Spine Road lilimfanya atikise kichwa kama mbuzi aliyeingiwa na maji sikioni. Usukani ulizunguka kwanza peke yake, ndipo matairi yakakumbuka kufuata. Fundi wa Mbele alikuwa amesimama langoni na kikombe chake. Aliweka kikombe juu ya jiwe, akashika tairi juu na chini, akaisukuma na kuivuta, akaisikia ikigonga.

"Huyu amekaa sana," akasema. "Nani mwenyewe?"

"Mama yangu."

"Ataweza kukaa hapa ageuze usukani?"

Lilikuwa sharti lake na kila mtu alilijua. Hakukubali fundi mwenzake ageuze usukani, wala dereva wa kutumwa. Awe mwenyewe wa gari au damu yake. Yeye alilala chini, akafumbata kifundo kwa kiganja, nusu ya mkono upande mmoja wa kifundo na nusu upande wa pili, na mwenye gari juu akageuza kidogo, kushoto, kulia. Kama kifundo kimelika, chuma kimoja hutangulia kabla ya chenzake, na mkono husikia. Nilimuuliza kwa nini isiwe mtu yeyote tu. "Mtu yeyote anageuza kama anakoroga uji," alisema. "Mwenyewe anageuza kama anakwenda mahali."

Basi nikawa mimi. Kila siku wateja walipopungua, baada ya chakula cha mchana, nilivuka upande wa pili nikapanda kwenye kiti cha Baba. Nikiyakumbuka majuma yale, nayaona kama usingizi wa mchana ambao mtu hataki kuamshwa. Jua liliingia kupitia kioo kilichopasuka pembeni, vumbi likasimama hewani, mahali fulani ng'ambo ya yadi mtu akagonga bodi kwa nyundo, taratibu, bila hasira. Kiti kilinuka baba. Na kutoka chini ya sakafu ilikuja sauti.

"Kushoto kidogo. Simama. Rudi. Mama yako huko nyumbani ana nini langoni?"

"Mpera. Ulipandwa kabla sijazaliwa."

"Kulia. Mapera meupe ama mekundu?"

"Mekundu ndani."

"Haya. Rudi pole pole. Na mto?"

Nilimweleza mto. Nilimweleza mteremko, duka la kona lenye ukuta wa buluu, kanisa la matofali. Siku iliyofuata aliuliza tena, na ile ya baadaye tena, na nikigundua amesahau duka nilikasirika, kumbe hakusahau. Alitaka kulisikia. Mtu asiyeweza kupanda gari alikuwa akisafiri nyumbani kwetu akiwa amelala chali juu ya katoni, na mimi nikawa dereva wake.

Alipofungua, alinionyesha. Nyuma ya kila tairi ya mbele kuna tufe la chuma, kama chungu kidogo kilichong'arishwa, na juu yake ndiko gurudumu linakogeukia. Matufe ya Nyati yalikuwa yameliwa na kutu hadi yana vidonda. Maji yalikuwa yameingia, mafuta yamekuwa meupe kama chai ya maziwa. Na pini zinazoshikilia yote hayo zilikuwa zimelika upande mmoja tu.

"Huu ni upande wa kwenda nyumbani," akasema. "Amebeba mzigo akishuka huo mteremko wenu."

Sikujua kama ni utani. Pini kuukuu aliziweka katika kopo la mafuta ya kupikia akanipa nimpelekee Mama, maana hakuwahi kutupa chuma kilichotoka katika gari la mtu. Alisema mwenye gari anapaswa kushika kilichochoka kwa niaba yake. Mama aliiweka pini moja dirishani kando ya Biblia, na akawa anaipangusa.

Vyuma vipya vilipopatikana, kazi ikawa ya kupima. Alikwenda kwa muuza nyama jirani akaazima mizani ile ya springi yenye ndoano, akaitundika kwenye mkono wa gurudumu, akavuta polepole hadi gurudumu likakubali kugeuka. Likigeuka upesi mno, alifungua na kutoa kibati kimoja chembamba kama ganda la kitunguu. Likigeuka kwa shida, alikirudisha. Alifanya hivyo mchana mzima. Muuza nyama akaja akidai mizani yake, wateja wamesimama, akafukuzwa.

"Ukilegeza, atatetemeka," Fundi alinieleza. "Ukikaza sana, hatatetemeka, utafurahi, utasema fundi ni mzuri. Lakini ukikata kona, usukani utabaki hapo hapo. Hautarudi. Usukani mzuri, ukimaliza kona unauachilia na unarudi wenyewe."

Siku moja nilimleta Mama. Alikuja na mkoba na leso ya kanisani kichwani, akakalishwa kwenye benchi kivulini, akamtazama Fundi akitoka chini ya Nyati na mafuta hadi viwikoni. Uso wa Mama ukabadilika.

"Wewe," akasema. "Wewe ndiye ulikuwa unamchelewesha baba yao karakana ya reli kila Jumamosi."

Nikafungua mdomo nimsahihishe. Fundi aliinua kidole kidogo tu, kwangu.

"Ni mimi, Mama," akasema. "Kazi ilikuwa nyingi."

"Nilikuwa naweka chakula hadi kinapoa."

"Najua, Mama. Alikuwa anasema. Alikuwa anasema, twende upesi, chakula kimewekwa."

Mama akapanga leso yake. "Basi hakusema uongo," akasema, na akaonekana kama mtu aliyeondolewa jiwe kiatuni. Fundi huyuhuyu hakuwa na subira ya kusikiliza habari za shemeji wa mtu. Nilimpenda mzee yule siku ile, na sijaacha.

Halafu jamaa mmoja mwenye pikapu ya kubebea kabeji akarudi.

Nyati alikuwa amebakiza vifundo vya usukani tu, na nilishamwambia kaka achukue likizo. Jamaa aliegesha langoni, akashuka bila kuzima injini. Fundi alikuwa amemtengenezea usukani siku chache tu kabla.

"Fundi, niaje," akasema. "Si ulinishow hii kitu iko sawa? Nimetoka Njiru nikipigana na steering, buda. Bado inacheza."

Fundi aliingia chini. Jamaa akageuza usukani. Tukangoja.

"Haichezi," sauti ikasema.

"Cheki poa basi."

"Nimeshika hapa. Haichezi."

Fundi wa injini, ambaye hajawahi kuvuka mpaka wake maisha yake yote, akapangusa mkono kwenye suruali, akachutama, akaunyoosha chini ya pikapu. Aliutoa upesi.

"Mzee," akasema taratibu, "inacheza. Inacheza sana."

Ile miguu ilikaa pale bila kutikisika. Kisha Fundi akatoka, akaikaza pikapu upya huku mwenzake ameshika kifundo, akamwomba jamaa msamaha, jambo ambalo hatukuwahi kulisikia. Akanawa mikono kwa sabuni ya unga na mchanga, muda mrefu. Akakusanya spana zake katika gunia akaondoka kwa miguu. Chai yake ya saa kumi ikapoa juu ya jiwe.

Kesho yake hakuja. Wala siku iliyofuata. Nyati alibaki juu ya mawe, magurudumu ya mbele yamepeana mgongo, kila moja likielekea kwake. Nyumbani, kila asubuhi Mama alivaa koti, akaketi sebuleni. "Leo ndiyo tunaenda?" Nikisema bado, alivua koti. Baadaye ikawa nikisema bado, haelewi ni bado ya nini, lakini koti anavaa. Kuna asubuhi aliniuliza mpera ni nini. Nilikwenda kazini nikasuka kichwa cha mtu hadi akaniambia pole pole, dada, hii ni ngozi.

Watu wa yadi walisema nitafute fundi mwingine, wapo Donholm. Nilikuwa karibu kukubali. Mchana mmoja nikatupa jicho juu ya mabati nikamwona amekaa chini kando ya Nyati, mgongo kwenye tairi, bila gunia. Nikavuka nikiwa nimekasirika kweli.

"Fundi, Mama anavaa koti kila siku."

"Najua. Ndiyo maana nimekuja nikwambie utafute mtu."

"Sitaki mtu."

Alinyoosha mikono yote miwili mbele yangu. "Unakumbuka mandazi?"

"Ile nadhiri yako."

"Nadhiri gani? Nilikuwa nashika nisikie moto." Alisema bila huruma kwake mwenyewe, kana kwamba anasimulia habari za boliti. "Hii sukari, ugonjwa wangu, inakula miguu, hiyo nilijua. Miguu sijali, mimi silali chini nikitumia miguu. Halafu ikaanza vidole. Nikawa nasikia moto mkono wa kushoto peke yake. Halafu nikawa nasikia nikifumba macho tu. Sasa ni kama nimevaa soksi mikononi. Mizani inaweza kunisaidia kwa lile tufe, kwa sababu mizani inasema uzito. Lakini kwa kifundo hakuna mizani. Ni mkono. Na mimi nilimwambia yule jamaa haichezi."

Nilikaa chini kando yake, dera langu kwenye vumbi. Upande wa pili mteja wangu aliita, nikamwambia angoje.

Fundi akaniuliza, "Wewe ukisuka, unajuaje umekaza sana?"

"Najua tu."

"Mteja anakwambia?"

"Akiniambia, nimeshachelewa. Vidole ndivyo vinajua."

"Unaweza kunifundisha?"

"Hiyo haifundishiki, Fundi. Unasuka hadi siku moja unajua."

Akageuza kichwa akanitazama mikono. Alinitazama mikono hadi nikataka kuificha.

"Lala chini," akasema.

Nilicheka. Yeye hakucheka. Alikuwa tayari anasukuma katoni lake kwa mguu kuliingiza chini ya Nyati. Basi nikafunga dera magotini, nikalala chali, nikaingia, na wateja wangu wakatoka nje wakiwa na nywele nusu zimesukwa nusu zimesimama, kuja kuona. Huko chini kulikuwa na kivuli na harufu ya mafuta mapya. Nilisikia mlango ukifunguka juu yangu, springi za kiti cha Baba zikilalamika. Fundi wa Mbele alikuwa amepanda. Sauti ikatoka juu.

"Umeona kifundo cha kulia? Kifumbate. Nusu mkono huku, nusu kule. Fumba macho."

"Nimefumba."

"Nageuza."

Aligeuza. Kwanza sikusikia kitu ila chuma baridi. Nikamwambia arudie. Akarudia, polepole sana, akigeuza kama anakwenda mahali, na chini ya kidole changu cha kati kitu kidogo kikateleza, kisha kingine kikafuata.

"Kuna kitu kinatangulia," nikasema. "Kama nywele ya bandia ikiteleza kabla hujapiga fundo."

Halafu, kutoka juu: "Sawasawa. Hiyo ndiyo yenyewe. Toka tukaze."

Tulikwenda hivyo kifundo kwa kifundo. Nilimwambia ninachosikia kwa lugha ya nywele, naye akaitafsiri kwa spana. Hiki kama uzi uliolowa. Hiki kimekaza, kama yule mteja anayenyanyua nyusi. Hiki kimya. Alinisumbua sana kwenye vile vya kimya. Alinirudisha chini mara kwa mara hadi nikamwambia mkono wangu hausemi uongo, na akasema wake pia ulikuwa hausemi. Watu waliopita langoni waliona miguu ya mwanamke imetokeza chini ya gari, na juu, kwenye usukani, mzee amefumba macho akiimba. Siku kadhaa tulifanya hivyo. Alisema kiti kile kinanuka mtu mwema.

Alipomaliza, fundi wa injini alimpeleka Nyati kwenye kipande cha barabara ya vumbi nyuma ya yadi. Akakata kona, akaachilia mikono hewani ili tuione. Usukani ulizunguka taratibu, ukarudi wenyewe. Fundi wa Mbele aligeuka akaenda kutafuta chai.

Tuliondoka Nairobi alfajiri ya Jumamosi iliyofuata, kaka kwenye usukani, Mama kwenye kiti chake, mimi nyuma na mizigo. Mama hakulala. Hakusema pia, safari nzima, na nikiuona uso wake kwenye kioo ulikuwa wa mgeni mwenye adabu. Tulipoipita Kakamega mvua ikaanza. Kaka akapunguza mwendo, hana hakika, maana duka la kona lilikuwa limepakwa rangi nyingine. Nilikuwa nimeshafungua mdomo.

"Hapa," Mama akasema. "Kushoto."

Nyati akashuka mteremko ule mwekundu bila kutikisa kichwa. Langoni Mama akashusha kioo mwenyewe, akanyoosha mkono kwenye mvua, akashika tawi la mpera. "Wameuacha umekuwa mkubwa," akasema. Nililia kule nyuma kwenye mizigo, na sikujificha.

Mimi nilirudi Kayole kwa kazi yangu, lakini Fundi hakurudi tena yadini. Ilinichukua muda kupata alipokaa, kwa maana tulimjua kwa jina la kazi tu, na Kware ni maghorofa juu ya maghorofa. Mama wa mandazi ndiye aliyejua. Akanifungia kadhaa kwenye gazeti yakiwa bado yanafuka, nikakimbia nayo.

Alikuwa ghorofa ya juu kwa binti yake, ameketi barazani katikati ya nguo zilizoanikwa, amevaa soksi nene. Alikuwa amepungua. Nilimwamkia. Hakujibu. Nikajua bado hajanywa chai, nikafurahi.

Binti akaleta kikombe. Akanywa. "Nzuri," akasema. "Mama alijua lango?"

"Alijua kona kabla ya kaka. Alisema, hapa, kushoto."

"Alisema yeye?"

"Yeye."

"Na usukani? Baada ya hiyo kona?"

"Kaka aliuachilia. Ukarudi."

Akaitikia kwa kichwa polepole. Nikamwambia na mengine. Kwamba Mama hukaa chini ya mpera mchana kutwa, na kwamba siku nyingi sasa hanijui, huniuliza mimi ni wa nani. Lakini huuliza habari za fundi wa reli, yule aliyemwambia ukweli kuhusu chakula. Nikamwambia kwamba naona wivu. Alicheka hadi akakohoa.

Nikafungua gazeti. Akachukua andazi moja, akalifumbata, akafumba macho. Akahamisha mkono. Nguo zilipepea juu yetu, chini kabisa watoto walikuwa wakifukuzana, na yeye akakaa hivyo muda mrefu kuliko zamani.

"Ni moto?" akaniuliza.

Nikaizungusha mikono yangu kwenye mkono wake, nusu huku, nusu kule, nikafumba macho.

"Ni moto, Fundi."

"Haya." Akanipa lile andazi. "Kula, unieleze mteremko."